Vazi la Sauli Halikumfaa Daudi

Mazungumzo ya redio. Somo: 1 Samweli 17, mstari wa 38 hadi 40

 

Habari ya Daudi na Goliathi tunaijua tangu shule ya Jumapili. Lakini ndani yake mna jambo dogo ambalo mara nyingi tunalipita mbio, kwa kuwa tunakimbilia jiwe na paji la uso. Kabla Daudi hajateremka bondeni, Mfalme Sauli alimvika mavazi yake mwenyewe ya vita. Alimtia chapeo ya shaba kichwani na dirii mwilini, naye Daudi akajifunga upanga juu yake. Sauli hakuwa na nia mbaya. Alimpa kijana kitu bora kabisa alichokuwa nacho. Daudi akajaribu kwenda, akaona hawezi, maana hakuyazoea. Basi akayavua, akashika fimbo yake, akachagua mawe matano laini kijitoni, akayatia mkobani, akaenda na kombeo lake.

Asubuhi ya leo napenda tuzungumze juu ya watu wanaotembea kila siku ndani ya vazi la Sauli. Nawawazia watu wenye usonji, na hasa wale ambao sasa ni watu wazima, wana kazi au wanatafuta kazi, wanakaa nasi kanisani, nao wamechoka.

Usonji ni nini? Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si wazimu, wala si laana ya ukoo. Ni namna ubongo unavyojengeka tangu mwanzo wa maisha, hata mtu huyo akasikia, akaona na kufahamu mambo kwa njia isiyo ya wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 ulimwenguni alikuwa na usonji. Piga hesabu hiyo katika kanisa lenu siku ya Pasaka, kisha uangalie viti. Watu hao hawafanani. Mmoja hasemi neno maisha yake yote na anahitaji mtu wa kumwogesha na kumlisha. Mwingine ni mwalimu wa hesabu, na hakuna anayejua, pengine hata yeye mwenyewe hajui. Hata hivyo yako mambo ambayo wengi wao huyajua vizuri. Sauti ambayo kwako ni ya kawaida, kama kipaza sauti kinapopiga kelele au mvua inapopiga mabati, kwake yaweza kuwa kama msumari sikioni. Maneno ya mafumbo humpita, maana yeye hulipokea neno kama lilivyosemwa. Ukimwambia unakuja sasa hivi, kisha ukafika baada ya saa mbili, umeivuruga siku yake nzima. Na mara nyingi kuna kitu kimoja anachokipenda kwa moyo wote, kama vile namba za matatu na njia zake, ndege wa porini, tarehe za zamani, au redio mbovu za kufungua na kufunga. Akianza kukizungumzia hachoki, hata kama wewe umechoka.

Vitabu vya ng'ambo husema kwamba dalili mojawapo ni kutotazamana macho na watu. Kwetu dalili hiyo haisaidii sana, kwa maana wengi wetu tulilelewa tusimkazie macho mtu mzima. Kwetu mambo huonekana zaidi katika salamu. Ibada ikiisha tunapanga mstari nje ya mlango, tunapeana mikono mmoja baada ya mwingine, habari ya nyumbani, habari ya watoto, habari ya ng'ombe, na kila mtu hujibu "nzuri" hata kama ng'ombe alikufa juzi. Mtu mwenye usonji huulizwa habari ya ng'ombe akaanza kufikiri, kwa kweli, ng'ombe yu hali gani. Kabla hajapata jibu mkono wa tatu umekwisha kumshika, na watu wanasema, mtoto wa fulani ana kiburi.

Basi hujifunza. Hujifunza kutabasamu kama wenzake wanavyotabasamu. Hukariri majibu. Huficha mikono chini ya meza isionekane ikipunga, ingawa kupunga huko ndiko kunakomtuliza. Humtazama mtu usoni akihesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, kisha hutazama kando ili asionekane anakodoa. Siku ya Jumapili hufanya hivyo saa nne mfululizo, akarudi nyumbani akalala gizani mpaka jioni, na jamaa zake wakasema ni mvivu. Hilo ndilo vazi la Sauli. Watu waliomvika hawakumchukia. Mama alitaka mwanawe apendwe na watu, mwalimu alitaka afaulu, mchungaji alitaka ashuhudie kama vijana wengine.

Katika miaka ya karibuni watafiti, hasa wa Uingereza, wamewasikiliza watu wazima wenye usonji juu ya kujificha huku. Waliyoyasikia ni mazito. Kujificha huchosha mwili na akili, na wale wanaojificha zaidi ndio mara nyingi wanaokutwa na huzuni kubwa, hata wengine wakafikia kuwaza kujiondoa duniani. Kwa hiyo jambo hili si dogo, wala si la watu wa mijini walioshiba.

Tena, ndugu zangu, lazima tuseme kwamba kanisani tumeongeza uzito. Wako walioombewa kwa kelele mara nyingi ili pepo awatoke. Mimi naamini maombi, na sisemi tusiwaombee. Mwombee mtu apate usingizi, apate kazi, apate rafiki. Lakini usonji si pepo, na ukimkemea pepo asiyekuwapo, anayebaki kuzisikia kelele zako ni mtu mwenyewe. Mwaka wa kwanza huamini kwamba hajaponywa kwa sababu imani yake ni haba. Mwaka wa kumi huamini kwamba Mungu hamtaki.

Mkumbukeni Musa katika Kutoka mlango wa 4. Alilalamika kwamba ulimi wake ni mzito. Je, Mungu alimpa ulimi mpya? Hakumpa. Alimwuliza ni nani aliyekiumba kinywa, kisha akamtafutia Haruni wa kusema kwa niaba yake. Musa aliyevuka bahari ni yule yule aliyekuwa mzito wa kusema penye kile kijiti kilichowaka moto.

Sasa niruhusuni niwape habari ya mtu mmoja aliyeishi mbali na sisi, huko Mississippi, Marekani, katika mji mdogo uitwao Forest. Jina lake Donald Triplett. Nimemchagua kwa sababu maisha yake yanajulikana kutoka utoto hadi uzee, jambo ambalo kwa watu wenye usonji wa zamani ni nadra mno.

Donald alizaliwa mwaka 1933 katika nyumba ya Wapresbiteri. Akiwa bado mtoto mdogo sana aliijua kwa moyo Zaburi ya 23, na maswali 25 ya katekisimu pamoja na majibu yake. Wazee wa kanisa letu wangemshangilia! Lakini mtoto huyo hakuitika alipoitwa, hakujali kama baba ameingia au ametoka, na alipendezwa na vitu vinavyozunguka kuliko watu. Mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka mitatu tu, wazazi waliambiwa na waganga wampeleke katika taasisi ya watoto, nao wakakubali. Waliruhusiwa kumwona mara mbili tu kwa mwezi. Huko mtoto alinyamaza, akakaa akiwa hapendezwi na kitu. Baada ya mwaka mmoja hivi wazazi walikwenda wakamchukua, ingawa wakuu wa pale hawakupenda.

Kisha baba yake, aliyekuwa wakili, akamwandikia Daktari Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore barua ya kurasa 33 juu ya mwanawe. Mwaka 1943 Kanner alichapisha habari za watoto 11 waliokuwa na hali hiyo moja, na wa kwanza katika orodha alikuwa Donald. Ndiyo maana husemwa kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza kupimwa na kuitwa kwa jina hilo. Walikuwapo wengine tangu zamani, bila shaka, katika kila kabila. Ila hawakuwa wameandikwa.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya shambani. Mwaka 1942, Donald akiwa na miaka tisa, wazazi walimweka kwa mkulima mmoja na mkewe, watu wasio na watoto, maili kama kumi kutoka nyumbani. Hawakuwa wasomi wa mambo ya akili. Waliona kwamba mtoto huyu hupenda kupimapima vitu, basi mkulima akampa kisima achimbe na kutoa habari ya kina chake. Waliona anahesabu mistari ya mahindi tena na tena bila kuchoka, basi wakampa jembe la kukokotwa na farasi, ahesabu huku akilima. Alikuwa akiokota ndege na wadudu waliokufa. Wakampa mahali pa kuwazika, naye akaweka alama juu ya kila kaburi na kuandika jina la mtu, kisha aina ya mdudu, kisha jina la ukoo wa yule mkulima. Kwa hiyo konokono naye alizikwa kama mtu wa nyumba ile. Daktari Kanner alipokwenda kumtazama mwaka 1945 alistaajabu kuona jinsi alivyomwongoza farasi na kumgeuza mwisho wa mstari.

Mnaona walichofanya watu wale? Hawakumnyang'anya hesabu zake, na hawakumwacha ahesabu bure kutwa nzima. Walizipa kazi.

Donald alirudi kwao, akasoma sekondari, akaenda chuo cha Millsaps na kupata shahada mwaka 1958, somo lake Kifaransa. Akaajiriwa katika benki ya mji wao, akafanya kazi humo zaidi ya miaka 60. Alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27. Alicheza gofu karibu kila siku. Wazazi wake walipokwisha kufa aliendelea kuishi katika nyumba ile ile aliyolelewa, naye akasafiri peke yake nchi nyingi, hata Misri. Alifariki mwezi wa Juni 2023, akiwa na umri wa miaka 89.

Hakuacha kuwa na usonji. Mazungumzo yake yalikuwa mafupi, na akimaliza aliloliwaza alikwenda zake bila kuaga sana. Watu aliowapenda aliwarushia mipira ya kufungia karatasi. Waandishi wawili wa Marekani walipofika Forest kutafuta habari zake, habari walizozichapa mwaka 2010, wenyeji waliwaonya wazi kwamba wakimdhuru Don watatafutwa.

Kuna hadithi moja iliyokaa mjini miaka mingi, kwamba akiwa kijana alitazama ukuta wa shule mara moja tu akataja idadi ya matofali yake. Waandishi wale walipomwuliza katika uzee wake alivyoweza, alieleza kwamba namba ile aliibuni tu, kwa kuwa alitaka wale wavulana wamwone kuwa mtu wa maana. Mimi habari hiyo hunigusa kuliko za benki na gofu. Watu husema kwamba wenye usonji hawajali kupendwa. Tazama kijana huyu amesimama mbele ya ukuta wa shule, anatafuta namba itakayompatia marafiki.

Lakini tusipendezeshe mambo kupita kiasi. Jamaa za mama yake Donald ndio waliokuwa na benki ile, kwa hiyo kazi haikuwa ngumu kupatikana. Na katika Mississippi ya siku zile, mtoto mweusi mwenye hali hiyo hiyo, mtaa wa pili tu, asingeingia shule ile wala benki ile. Nani aliandika barua ya kurasa 33 juu yake? Ninaposema Donald aliishi kwa furaha, nasema pia kwamba mji mzima ulikubali kumpa nafasi, na nafasi hiyo haikugawiwa wote.

Sasa nageuka kwako wewe msikilizaji unayejijua kuwa na usonji, au ambaye katika kunisikiliza umeanza kujiuliza. Pengine ulipewa jina hilo ukiwa umekwisha kuwa mtu mzima, na ukalia. Wengi hulia. Mmoja hulia kwa kufarijika kwamba hakuwa mjinga wala mkaidi; mwingine hulia kwa hasira kwa sababu ya viboko alivyochapwa darasani bure. Machozi yote mawili yana haki yake, usiyaharakishe.

Kujikubali si kusema kwamba hakuna linaloniuma. Kelele zitaendelea kuuma. Wala si kukataa kujifunza, maana Daudi hakuokota kombeo siku ile kwa mara ya kwanza. Alikuwa amelizoea machungani, na simba na dubu waliligundua hilo. Kujikubali ni kuacha kuuita ubaya kila kitu ambacho ni tofauti tu. Ikiwa mikono yako hutulia inapopunga, ipunge. Ikiwa umechoka kwa salamu, keti karibu na mlango, na utoke kabla ya wimbo wa mwisho bila kujihukumu. Mchague mtu mmoja, dada yako au mzee wa kanisa mwenye busara, umwambie ukweli ulivyo. Huna haja ya kuwaambia wote. Na kile kitu unachokipenda mno, kile ambacho watu walikucheka kwa ajili yake, kitazame upya. Huenda ndilo jiwe lako la kijitoni. Mtu anayejua njia zote za matatu anaweza kupanga safari ya kwaya ya watu 60 na hakuna atakayepotea.

Furaha yako huenda isiwe na kelele. Wenzako watafurahi arusini, wewe utafurahi saa mbili usiku umekaa peke yako na redio uliyoifungua vipande na kuirudisha ikasema. Mungu aliyekuumba tumboni, kama mwenye Zaburi ya 139 anavyokiri, alikuwa akitazama kazi yake alipoufuma ubongo huo.

Kwa wazazi nina neno fupi. Katika Marekani, miaka ya 1950 na 1960, waganga wakubwa waliwashtaki akina mama kwamba ubaridi wao ndio ulioleta usonji kwa watoto. Mwaka 1964 Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto wa namna hiyo, aliandika kitabu cha kuubomoa uongo huo, na mwaka 1969 Kanner mwenyewe alisimama mbele ya wazazi akawaondolea hatia. Hapa kwetu mama hashtakiwi kwa ubaridi, hushtakiwa kwa uchawi, au kwa mwiko aliovunja akiwa mjamzito. Mama, hukufanya kosa. Usimfungie mtoto chumbani wageni wanapokuja. Mpeleke katika kituo cha serikali cha kupimia watoto wenye mahitaji maalum. Vituo hivyo vilianzishwa mwaka 1984, vimeenea nchini, na kwa Nairobi iko KISE kule Kasarani. Mtoto asiyesema anaweza kufundishwa kuonyesha picha au herufi, na wengine huko ndiko walikotoa neno lao la kwanza. Kwa mtu mzima kupimwa ni kugumu zaidi, maana madaktari wa kazi hiyo ni wachache na wengi wao wako mijini. Hata hivyo Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa kila mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kutoitwa kwa majina ya kudharau. Majina yale mnayoyajua, yale tunayowaita njiani, yamekatazwa.

Na ninyi wazee wa kanisa, kabla ya Jumapili ijayo, fanyeni jambo moja au mawili. Punguzeni sauti ya mitambo. Mungu si kiziwi. Tengeni benchi nyuma kwa mtu anayehitaji utulivu, na msimwulize kwa nini hakusalimia. Msimwite mbele kwa ghafula. Mkitaka atoe ushuhuda, mwambieni wiki nzima kabla, na kama anapendelea kuuandika, usomwe na mwingine. Haruni alifanya kazi hiyo na hakuna aliyemcheka Musa.

Tuombe. Ee Bwana, yuko mmoja anayesikiliza sasa akiwa amejifungia chumbani kwa sababu jana ilimchosha. Mpe usingizi. Mpe mtu mmoja wa kumwelewa kabla mwezi huu haujaisha. Na kama sisi ndio tuliomfunga vazi lile, tupe mikono ya upole ya kumsaidia kulivua, pole pole, kifungo kimoja kimoja. Amina.